Ni Nani Aligusa wa Mwisho? Kumuaga Mama Gaju

Baada ya miaka kumi na sita ya utumishi katika Shirika la Elimu la Rwizi, fundi wetu mkuu wa kompyuta, Bi. Perpétue Nyirakamana, anastaafu rasmi leo, Ijumaa, tarehe 30 Oktoba 2015. Alianza kazi mwaka 1999 akiwa fundi wa redio ya mawasiliano kati ya ofisi yetu ya Kamukuzi, hapa Mbarara, na kituo chetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Anaondoka akiwa mtu ambaye bila yeye kompyuta zetu nyingi zingekuwa zinatagiwa mayai na kuku.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Mutabazi, dereva wa shirika, niandike wasifu huu. Wapo waliouliza kwa nini habari za mtu wa kompyuta ziandikwe na dereva. Jibu linakuja. Na kuhusu Kiswahili changu, nilikiokota barabarani miaka ile nilipokuwa nikiendesha lori la Mombasa, kwa hiyo mwenye malalamiko ayapeleke bandarini.

Ninyi nyote mnamwita Mama Gaju. Wengine wenu jina Nyirakamana mmelisoma leo kwa mara ya kwanza kwenye ratiba ya sherehe, mkageukiana kuulizana ni nani huyo. Nami nitamwita Mama Gaju, maana jina hilo alilipata kwa namna ambayo wachache tunaijua, na nusura alipoteze mbele ya macho yangu.

Kabla ya vita alikuwa Uvira, kule Kongo, katika karakana ya redio na mitambo ya simu, mwanamke pekee kati ya mafundi wanaume. Mwaka 1996 watu walipokimbia, naye alikimbia. Njiani, kwenye msongamano, alimkuta mtoto wa kike wa miaka kama mitatu amesimama peke yake ameshika kikombe cha plastiki. Alipomuuliza jina, mtoto alisema Gaju. Alipomuuliza mama yake anaitwa nani, alisema Mama. Kwenye shavu la kushoto alikuwa na kovu la kuungua, kovu la zamani kidogo, lililokwisha kupona. Perpétue alisubiri pale mpaka waliokuwa nyuma wakapita wote, na hakuna aliyeita jina la mtoto. Basi akambeba.

Walipofika Nakivale, majirani walifanya kama desturi inavyotaka: mwanamke mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto. Akawa Mama Gaju. Hakuwa amewahi kuzaa, na mpaka leo hajazaa, na jina lile alilipokea kwa mikono miwili. Lakini hakumficha mtoto. Kila alipopata nafasi aliomba kanisani litangazwe jina la Gaju na lile kovu, na wasafiri wa kwenda Bukavu, Uvira na Bujumbura aliwapa tangazo lilelile wakalitangaze makanisani huko. Wanawake wawili walijitokeza kwa miaka tofauti, na wote wawili ikaonekana mtoto si wao. Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Na Mama Gaju alilea huku akimtafuta mwenyewe wa kumrudishia.

Sasa turudi kwenye dereva. Mwaka 2004 shirika lilipewa kompyuta kuukuu kutoka Ulaya, za kila aina, zikapelekwa Nakivale. Kwa kuwa hatukuwa na uwezo wa kununua programu za kulipia, mgeni mmoja alituachia diski za Linux, ule mfumo wa kompyuta ambao ni wa bure na kila mtu anaruhusiwa kuufungua na kuona ulivyotengenezwa. Mama Gaju aliusoma kwa Kifaransa, peke yake, kwa subira ya mtu aliyezoea kutafuta waya uliokatika ndani ya redio. Kompyuta zikawaka vizuri. Tatizo likawa kadi za mtandao: mfumo haukuzitambua, kwa sababu ilikosekana ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa chake. Programu hiyo kwa Kifaransa huitwa piloti. Akashika redio akaita Kamukuzi: “Mashini zote zinawaka, lakini piloti haiko. Mutume piloti.”

Aliyepokea ujumbe hapa ofisini alikuwa Goretti, mhudumu wa redio wa wakati ule, Munyankore, mwenyeji wa huku kama mimi. Goretti alifikiri sana. Rubani wa nini, Nakivale hakuna ndege? Akaamua kwamba Wakongo husema piloti wakimaanisha mtu wa kuendesha gari, akaandika kwa mkurugenzi: Nakivale wanaomba dereva, haraka. Mkurugenzi akanituma mimi.

Nilifika Base Camp, makao makuu ya kambi, nimejaa vumbi, nikajitambulisha kwamba mimi ndiye dereva. Mama Gaju alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Nilikasirika kidogo, nakiri. Lakini alipokwisha kucheka alifikiri, akaipakia kompyuta moja kwenye gari, akapanda mbele, tukarudi Mbarara ambako kulikuwa na mtandao. Akaipata ile programu, akaiweka kwenye diski, nikamrudisha nayo Nakivale. Baadaye tuligundua kwamba kwa Kiingereza programu ile huitwa dereva kweli. Kwa hiyo Goretti alikosea akapatia, na mimi kwa miaka iliyofuata nimekuwa dereva ninayesafirisha madereva. Ndiyo maana wasifu huu nimeuandika mimi.

Katika safari hizo nilijifunza namna yake ya kufanya kazi. Hakuamini jina lililoandikwa juu ya kifaa. Aliniambia kadi mbili zinaweza kuwa na jina moja juu, rangi moja, boksi moja, na ndani zikawa zimetengenezwa na watu tofauti, kila moja ikitaka dereva wake. Kwa hiyo aliiamuru kompyuta imtajie jina la ndani, ndipo aanze. Nilimwambia hata barabarani ni hivyo: gari moja, injini mbili. Alifurahi sana kusikia hivyo, akaanza kunieleza mambo mengine ambayo sikuyaelewa mpaka tukafika Kabingo.

Lakini kanuni yake kubwa ilikuwa swali. Akiingia chumba chenye kompyuta iliyogoma, kabla hajaketi, kabla hajasalimia, aliuliza: “Ni nani aligusa wa mwisho?” Watu walikuwa wakiogopa swali hilo. Wengine walitoka nje kwenda kuangalia mvua jua likiwa linawaka. Hakuuliza ili amwadhibu mtu. Aliamini kwamba kitu kilichokuwa kizima jana, leo kikiwa kibovu, kuna mkono uliopita, na mkono huo mara nyingi ulikuwa unajaribu kusaidia. Akawa anasema mshukiwa wa kwanza awe yeye mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia. Akasema eeh, na kinachoharibu mashini kiko ku vidole vyako.

Mtamkumbuka mwanafunzi wetu Appolinaire. Siku ya kuchapisha vyeti, cheti chake kilitoka kwa jina Qppolinqire. Tulidhani printa imelaaniwa. Mama Gaju aliuliza swali lake, na mwishoni mkurugenzi mwenyewe akakohoa. Kibodi zile zilitoka nchi za Kifaransa, ambako herufi A imekaa mahali pa Q, na mkurugenzi, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameiambia kompyuta kwamba kibodi yake ni ya Kiingereza. Mama Gaju alirekebisha pale pale. Appolinaire leo ni mwalimu wetu, na marafiki zake bado wanamwita Kyu.

Sasa nifike mwaka 2009. Hapa nitaandika jambo ambalo Mama Gaju mwenyewe ameniruhusu kuliandika. Nilimwuliza wiki iliyopita kama nilitie au nilikalie kimya. Akanijibu: “Uandike. Siku ile batanisifu mingi. Na ya kweli iingie.”

Mwaka huo habari zilikuja kutoka Bujumbura kwamba yupo mama mmoja wa Kikongo, jina lake Pascaline, aliyepoteza mtoto aitwaye Gaju njiani mwaka 1996. Pascaline naye alikuwa amekwisha kudanganyika mara moja. Alionyeshwa msichana, akampenda, kisha ikajulikana si wake, na moyo wake ulikuwa haujapona. Akasema hataki kusikia sauti kwenye simu, maana mtoto wa miaka mitatu hakuwa na sauti ya kukumbukwa. Anataka kuliona shavu. Kijana mmoja mwenye duka la mtandao huko Bujumbura, Patient, alikubali kumkalisha mbele ya kompyuta yake. Upande wetu ingekuwa hapa Kamukuzi, kwenye kompyuta ya mkononi tuliyokuwa tumeletewa mwezi ule, yenye kamera juu ya skrini.

Nilimleta Gaju kutoka Nakivale. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, amevaa fulana ya kwaya yao yenye maandishi kifuani. Tulipofika tulimkuta Mama Gaju amevimba macho kwa kuhangaika na kamera. Linux iliitambua, picha ilikuja, lakini ilikuja kichwa chini, mtu anaonekana amening'inia kama popo. Waliotengeneza kompyuta ile walikuwa wameibandika kamera juu chini, na mfumo wetu haukuwa na habari. Ikabidi aongeze agizo la kuigeuza picha. Akaandika, akajaribu, kichwa kikaja juu. Tukapiga makofi, na saa ya miadi ikawa imefika.

Pascaline alitokea kwenye skrini akiwa na kitambaa cheupe kichwani. Gaju alisogezwa mbele ya kamera, akaambiwa aondoe nywele usoni. Kisha yule mama akatikisa kichwa, na sauti yake ikatufikia imekatikakatika: “Haiko yeye. Wangu aliunguaka ku shavu ya kushoto. Huyu alama iko kuume.”

Gaju alijishika shavu. Sisi wengine tulitazamana, maana kovu tulikuwa tunaliona liko kushoto, palepale. Mmoja wetu akanong'ona kwamba labda yule mama amechanganyikiwa. Gaju akaanza kulia bila sauti, akitaka kuinuka.

Mama Gaju alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani mwa mtoto. Kisha nikamsikia akisema, kama mtu anayejisemesha mwenyewe: “Ni nani aligusa wa mwisho?” Na akajijibu: “Ni miye.”

Akainama kwenye kipaza sauti akamwomba Patient asome maandishi yaliyokuwa kwenye fulana ya Gaju. Patient akasogea karibu na skrini yake. “Maandiko inaenda kinyuma, mama,” akasema. “Sawa vile ya ndani ya kioo.”

Alitueleza baadaye, tena kwa mifano ya jikoni ili sisi madereva tuelewe. Sahani ukiizungusha mezani mpaka upande wa mbali uje kwako, kulia na kushoto navyo vinabadilishana. Chapati ukiibinua kuelekea kwako, upande wa mbali unakuja kwako pia, lakini kulia kunabaki kulia. Kamera iliyobandikwa juu chini ilihitaji kuzungushwa kama sahani. Yeye, kwa haraka, alikuwa ameibinua kama chapati. Kichwa kilikuja juu, lakini shavu la kushoto likahamia kulia. Sisi tuliokuwa chumbani hatukuona kasoro, kwa sababu mtu akijitazama kwenye skrini ameshazoea kujiona kama kwenye kioo. Haraka haraka haina baraka, na safari hii nusura imnyime mtoto mama yake.

Akaketi. Akaongeza agizo lililosahaulika, akaiwasha kamera upya. Kule Bujumbura uso wa Gaju ulihama upande mbele ya macho ya Pascaline. Patient anasema yule mama aliweka kiganja kwenye skrini. Halafu akaita kwa sauti iliyosikika mpaka kwa mlinzi wetu wa getini: “Gaju! Gaju wangu!” Nami nilitoka nje nikaenda kuangalia mvua, jua likiwa linawaka.

Alasiri ile niliwarudisha Nakivale. Gaju alilala kiti cha nyuma, amechoka kwa kulia na kucheka. Tulipopita Kabingo, Mama Gaju alisema bila kunitazama: “Mutabazi, aliposema haiko yeye, nilifurahi. Kidogo tu. Lakini nilifurahi.” Nikabadilisha gia. Nimeendesha watu wengi maishani mwangu, wakubwa kwa wadogo, na sijawahi kumheshimu abiria kama nilivyomheshimu yeye siku ile. Mle chumbani hakuna mwingine aliyejua kompyuta kiasi cha kugundua kosa. Angenyamaza, mtoto angebaki wake, na hakuna binadamu ambaye angemwuliza.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Gaju alikwenda kuishi na mama yake Bujumbura. Nilimpeleka yeye na Mama Gaju hadi kwenye basi, na Gaju akapanda peke yake. Siku chache baadaye nilimsalimia Mama Gaju kazini kama kawaida, akaniambia taratibu nimwite Perpétue, kwa kuwa mwenye jina amepatikana. Nilijaribu. Ulimi ulikataa. Na ofisi nzima ilikataa pamoja nami, kwa hiyo mwombeni radhi wenyewe leo, kama mnaona mlikosea.

Hakuacha kazi hata kidogo. Miaka hiyo ndiyo aliyofufua chumba cha Nakivale mara mbili, akaitoa sauti kwenye kadi za sauti zilizokuwa bubu, akawafundisha Appolinaire na wenzake kuiuliza kompyuta jina lake la ndani. Ile kompyuta yenye kamera aliitunza kuliko zote. Kila Jumapili baada ya ibada aliketi mbele yake akizungumza na Gaju. Kabla ya kuanza alikuwa ananyanyua kitabu cha nyimbo mbele ya kamera na kumwambia Gaju asome jalada. Gaju alikuwa anacheka kila mara, naye kila mara alikuwa anauliza tena Jumapili iliyofuata.

Mwaka huu, Bujumbura ilipochafuka, Jumapili kadhaa zilipita skrini ikiwa tupu. Mama Gaju alikuja kazini, akafanya kazi. Nilimwona akifungua kamera ile na kuifunga, ingawa haikuwa na ubovu wowote. Kisha mwezi wa Juni, asubuhi, simu yangu ikalia. Ni yeye, yuko Kamukuzi, anazungumza mbiombio: Gaju amepiga kutoka kituo cha mapokezi Nakivale, wamefika jana, wako salama, wote wawili. Halafu akauliza, na najua alilichagua neno: “Mutabazi, dereva iko?”

Nikamwambia dereva yupo.

Kwenye kituo cha mapokezi Gaju alimrukia, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, wakashikana pale penye watu wengi. Pascaline alisimama pembeni na kifurushi chake. Hao wawili walikuwa hawajawahi kuonana ila kwa skrini. Pascaline akaweka kifurushi chini, akakishika kichwa cha Mama Gaju kwa mikono yote miwili, akakigeuza kushoto, akakigeuza kulia, akitazama mashavu yake kwa makini. “Naangalia kama pande ziko fasi yake,” akasema. “Leo hakuna mashini katikati.” Wakacheka, kisha wakalia, kisha wakaniomba niwabebee mizigo, kwa sababu dereva ni dereva.

Leo wanaishi nyumba moja Nakivale, watatu hao. Ndiko Mama Gaju anakokwenda kupumzika, ingawa ameshaweka meza mlangoni ya kutengenezea redio na simu, na sidhani neno kupumzika amelielewa vizuri katika lugha yoyote.

Mama Gaju, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kamukuzi na Nakivale, asante. Asante kwa kompyuta ulizotufufulia na vijana uliotufundishia. Asante kwa swali lako. Tutaendelea kuulizana, na tutajitahidi kujijibu kama ulivyojijibu wewe. Afya njema iwe nawe, uzee uje taratibu, na gari ukilihitaji unajua jina la kuita.

Na ninyi mnaotaka kumtembelea, hamtapotea. Shukeni Base Camp, ulizeni nyumba yenye meza ya redio mlangoni. Ila mkifika msiite Mama Gaju kwa mbali. Mimi niliita Jumamosi iliyopita, na walioitika walikuwa wawili.